Mambo ya Kuzingatia Kabla Mwanafunzi wa Ufundi Hajaanza Kujifunza Kiingereza Mwenyewe

Mwanafunzi wa chuo cha ufundi hapa Tanga hupata vipindi vichache vya Kiingereza kwa wiki, na muda wake mwingi hupita karakanani, mikono ikiwa na grisi. Akitaka lugha hiyo imfae kazini, sehemu kubwa ya kujifunza itabidi aifanye mwenyewe nje ya darasa. Wengi husikia neno “mwenyewe” wakaelewa “peke yake”, na hapo ndipo wanapokosea. Henri Holec wa Chuo Kikuu cha Nancy, Ufaransa, katika ripoti yake kwa Baraza la Ulaya iliyochapishwa 1981, alieleza kujitegemea huku kuwa ni uwezo wa mtu kushika hatamu za kujifunza kwake: kuweka lengo, kuchagua cha kusoma na namna ya kukisoma, kufuatilia mwendo wake na kupima alichopata. Mwalimu hafukuzwi, kinachobadilika ni nani anayeamua. Maamuzi hayo yana maandalizi yake, na ni afadhali yafanywe kabla ya kununua kitabu chochote.

La kwanza ni kujua Kiingereza hicho ni cha kufanyia nini. Jibu la “nataka kukijua vizuri” halisaidii, kwa sababu halimwambii mtu aanzie wapi kesho asubuhi. Mchomeleaji anayetazamia kazi kwenye bomba la mafuta ghafi linalotoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani hapa Tanga, kilometa 1,443, anahitaji zaidi kusoma mabango ya usalama na kuelewa agizo fupi analopewa kwa sauti katikati ya kelele. Anayesomea huduma za hoteli, ambaye huenda akaajiriwa Raskazone au Pangani, anahitaji kuzungumza, tena kwa upole na bila kigugumizi, na mgeni ambaye chumba chake hakina maji. Kila mmoja aandike kwenye karatasi hali tatu za aina hiyo, zile anazoweza kuziona akifumba macho, na kila atakachochagua baadaye akipime kwa karatasi hiyo.

La pili ndilo ninalolipa uzito kuliko yote, nalo ni kuhesabu akiba aliyo nayo tayari. Vijana wengi huingia chuoni wakiamini kwamba Kiingereza chao ni sifuri, hasa waliokuja kutoka darasa la saba ambako masomo yote isipokuwa Kiingereza chenyewe yalifundishwa kwa Kiswahili. Lakini mwombe fundi magari huyo huyo akutajie vitu vilivyo chini ya boneti: injini, rejeta, plagi, betri, feni, kabureta, gasketi. Yote hayo ni maneno ya Kiingereza yaliyovaa nguo za Kiswahili, naye anayajua kwa mkono, kwa harufu na kwa uzito. Kazi iliyobaki ni kujua yanavyoandikwa na kutamkwa huko yalikotoka, kwamba “rejeta” huandikwa “radiator” na “plagi” ya injini huitwa “spark plug”. Atenge jioni mbili, apite karakanani na daftari, aandike kila kifaa chenye jina la namna hiyo. Hatakosa maneno mia. Ajue pia kwamba mengi kati ya hayo yalikuja na Waingereza waliotawala Tanganyika hadi 1961, kwa hiyo kitabu kilichochapwa Marekani kitamchanganya: huko “spana” ni “wrench”, “boneti” ni “hood” na “sailensa” ni “muffler”.

Katika matamshi nako mtu wa pwani ana akiba asiyoijua. Anayesema “thumni” na “dhahabu” kama zinavyosemwa Ngamiani tayari ana sauti mbili zinazowatesa wanafunzi wa mataifa mengi, ile ya “three” na ile ya “this”. Panapomlemea ni kwenye irabu, kwa kuwa Kiswahili kina irabu tano tu, na sikio lililozoea tano husikia “ship” na “sheep” kuwa neno moja. Katika mji wenye bandari, meli na kondoo ni vizuri visichanganywe.

Baada ya hapo ndipo achague cha kusoma. Watafiti wa usomaji, akiwamo Paul Nation wa New Zealand, wamependekeza kwamba anayesoma bila msaada awe anayajua takriban maneno 98 katika kila 100. Kipimo hicho kinafanyika hata kwa vidole: hesabu maneno mia kutoka ukurasa wowote wa katikati, na kila usilolijua likunje kidole. Vikizidi viwili, kitabu hicho si cha kusoma kwa kujitegemea leo. Kisomwe pamoja na kamusi, taratibu, aya moja moja. Mwongozo wa mashine hauna budi kusomwa hivyo, maana hauchaguliwi kwa wepesi wake. Lakini asiwe na mwongozo tu, kwani bila kitu chepesi cha kusoma kwa mfululizo atachoka kabla ya mwezi kuisha.

Namna ya kuhifadhi maneno iamuliwe mapema. Mimi nilijaza madaftari mawili kwa kunakili maneno arobaini kila usiku, mwandiko mzuri, mistari ya rangi mbili, nisiyafungue tena. Mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus alikwisha kuonyesha, 1885, kwamba kusahau huenda kwa kasi mwanzoni kisha hupungua, na ndiyo maana neno likirudiwa kesho, kisha baada ya siku chache, kisha baada ya wiki, hukaa. Kadi ndogo zilizokatwa kwenye boksi la sabuni zinatosha. Upande mmoja aandike “Tighten the nuts evenly”. Upande wa pili achore nati nne na mishale, kisha aandike “kaza nati kwa usawa”. Kadi aliyoijua isogee kwenye fungu la kurudiwa baadaye, aliyoikosa irudi fungu la kwanza. Mwandishi Sebastian Leitner aliupendekeza utaratibu wa aina hii 1972, na kadi kumi kwa siku zinawahi kuisha kabla chai haijapoa.

Awepo pia mtu wa kumsahihisha. Bwenini anayejaribu Kiingereza huchekwa, huambiwa anajifanya Mzungu, na wengi hunyamazishwa hapo moja kwa moja. Dawa niliyoiona ikifanya kazi ni makubaliano ya wawili: robo saa kila jioni, na msikilizaji hukamata kosa la aina moja tu kwa wiki nzima, kwa mfano kuchanganya “he” na “she”, jambo linalotupata wote kwa kuwa “yeye” wetu haulizi jinsia. Swali lililowashinda wote wawili liandikwe, apelekewe mwalimu siku ya kipindi. Mwalimu hufurahia swali lililoandikwa kuliko “sijaelewa”.

Bando lisiwe kisingizio. Sauti za kusikiliza zipakuliwe mara moja kwa wiki, na siku nyingine data izimwe.

Mwisho, kabla ya siku ya kwanza, aandae kipimo. Achukue simu, ajirekodi dakika mbili akieleza kwa Kiingereza kazi moja anayoiweza, kama kubadilisha tairi au kuunganisha soketi, hata kama nusu yake itatoka kwa Kiswahili. Aipe tarehe. Baada ya wiki sita aeleze kazi ile ile tena bila kuisikiliza ya kwanza, kisha azisikilize zote mbili na mwenzake, daftari mkononi, wakihesabu mahali aliponyamaza na mahali alipokimbilia Kiswahili. Ile ya kwanza isifutwe, hata ikimtia aibu.