Waya wa asubuhi si waya wa mchana: kufanya kazi karibu na nyaya za umeme zilizolegea

Mimi ni fundi wa kuezeka, na huu ni mwaka wangu wa 19 juu ya ngazi. Jambo hili nililijua kwa kuchelewa. Siku moja asubuhi niliutazama waya uliopita kando ya nyumba, nikaona uko juu vya kutosha. Saa saba mchana, kijana wangu akinipandishia bati la mita 3, upepo ukalipindua na ncha ikagusa. Alirushwa chini. Alipona, ila kiganja kiliungua vibaya, na unyayo ukatoboka pale umeme ulipotokea.

Waya hurefuka kwa joto la jua na la umeme unaopita ndani yake. Ukiwa umevutwa mita 50 kati ya nguzo mbili, ukarefuka sentimita 3 tu, tumbo lake linaweza kushuka zaidi ya sentimita 30. Kwa hiyo ukague jua likiwa kali, na urudie kuutazama kila unapoanza kazi upya.

Anzia kwenye nguzo. Nguzo ya mti huoza zaidi pale inapoingia ardhini, hivyo angalia mchwa, uyoga na udongo uliomomonyoka. Kisha angalia ule waya mnene unaoivuta nguzo kutoka chini: ukilegea, nguzo huinama na nyaya zote hushuka. Juu, tazama kama kuna kikombe (kile kinachoushika waya juu ya nguzo) kilichovunjika au tawi linalosugua. Mpira mweusi juu ya waya usikudanganye. Mara nyingi umewekwa kwa ajili ya mvua na jua, nao hupasuka kwa uzee. Nyaya nyingi za msongo mkubwa hazina hata huo, na umeme wake huruka hewani kabla hujagusa. Hata waya wa simu ulioning'inia usiuguse. Huenda umelalia wa umeme mahali usipopaona.

Kujua kimo, usinyanyue futi wala fito. Msimamishe mwenzako chini ya waya, rudi nyuma hatua 20 au zaidi, nyoosha mkono ukiwa na kijiti, ukipime kiwe sawa na urefu wake kwa jicho lako. Hesabu kijiti kinaingia mara ngapi kutoka ardhini hadi kwenye waya. Mtu wa mita 1.7 akiingia mara 3, waya uko kama mita 5. Ni makadirio tu, lakini yanatosha kukuambia usimame.

Kwa nyaya za mitaani mimi huacha mita 3 kila upande, nikihesabu kuanzia ncha ya kile ninachobeba. Zile za minara ya chuma zinataka nafasi kubwa zaidi. Bati na ngazi hubebwa vikiwa vimelala. Nafasi hiyo ikikosekana, kazi haianzi mpaka shirika la umeme lizime laini. Kuzima swichi kubwa ya nyumba hakusaidii kitu, maana waya unaotoka nguzoni hadi ukutani hubaki na umeme.

Naomba sana, usiuegemeze waya uliolegea kwa mti wa panda. Nimeona watu wakifanya hivyo ili lori lipite, na mti mbichi hupitisha umeme. Andika namba ya nguzo, piga simu ya dharura ya shirika la umeme, kisha ulizie tena kama hawajafika.

Waya ukianguka, uhesabu una umeme hata kama umetulia kimya. Mitambo mingine huurudisha umeme yenyewe baada ya sekunde chache. Kaa mbali angalau mita 10, uwazuie na watoto. Ukijikuta karibu, usipige hatua ndefu: umeme husambaa ardhini, na miguu iliyoachana huupa njia ya kupita mwilini. Ibane miguu, uiburute kidogo kidogo bila kuinyanyua. Ukiwa ndani ya gari lililoangukiwa, baki humo. Likishika moto tu ndipo uruke, miguu pamoja, bila kushika gari na ardhi kwa wakati mmoja. Aliyenaswa usimshike mpaka umeme uzimwe, hata kama ni mwanao. Najua ninachokuomba ni kigumu; lakini ukimshika, mtakuwa wawili.

Siku hizi siezeki karibu na waya bila mtu mmoja asiyebeba chochote, ambaye kazi yake ni kutazama juu na kupaza sauti. Mara nyingi ni yule kijana. Akisema shusha, nashusha hapo hapo, hata kama bati lilikuwa limeshafika.