Maneno ya Kiingereza kwenye nyaraka za kompyuta: namna ya kuyafikia bila kubahatisha

Fungua kamusi ya kawaida ya Kiingereza na Kiswahili, halafu tafuta humo maneno ya ukurasa wowote wa maelezo ya Linux, mfumo endeshi wa kompyuta. Itakwambia "argument" ni mabishano, "string" ni uzi, "shell" ni gamba, na "daemon" ni pepo. Kila jibu ni sahihi, na sentensi nzima haina maana. Neno la kompyuta hupata maana kutoka kwenye waraka lilimo, kwa hiyo kazi ya kulifahamu huanzia ndani ya waraka huohuo. Kamusi huja baadaye sana.

Neno geni kabisa kama "inode" halikudhuru, kwa sababu unajua kwamba hulijui na utasimama ulitafute. Yanayofuta data za watu ni maneno madogo waliyoyapita kwa kudhani wanayajua: "unless", "should", "truncate", "in place". Hayo ndiyo ya kuyapa muda.

Anza na sarufi

Kiingereza hurundika majina bila kiungo, na jina kuu hukaa mwisho. Kiswahili hufanya kinyume: jina kuu mbele, kisha -a unganifu. Kwa hiyo rundo la majina lisome kutoka nyuma kwenda mbele, ukipachika -a kila hatua. "Process group leader" ni kiongozi wa kundi la michakato. "Remote host key fingerprint" ni alama ya utambulisho ya ufunguo wa kompyuta ya mbali. Kilicho mbali ni kompyuta, si ufunguo. Lakini "new password file" inaweza kuwa faili jipya la nywila au faili la nywila mpya. Sarufi haikusaidii hapo. Soma sentensi iliyotangulia na inayofuata. Kistari kikiwepo, maneno yaliyounganishwa nacho ni kitu kimoja: "read-only file system" ni mfumo wa mafaili unaosomeka tu, usioandikika.

Viambishi navyo vina ndugu zao katika Kiswahili. "-able" ni -ika yetu: "readable" ni linalosomeka, "writable" ni linaloandikika. "Un-" na "de-" mara nyingi ni ile -ua ya kutendua, kama funga na fungua: "unpack" ni kufungua kilichofungashwa, "decode" ni kufumbua kilichofumbwa. "-less" ni -sio na: seva iliyo "stateless" ni isiyotunza chochote kuhusu mteja kati ya ombi moja na jingine.

Kisha jiulize neno hilo ni jina au kitenzi. "Log" linaweza kuwa rekodi ya matukio au kitendo cha kuandika rekodi hiyo. "Mount" ni kitenzi, yaani kuunganisha diski kwenye mti wa saraka (folda), lakini ndani ya "mount point" linaeleza aina ya mahali: saraka ambapo diski hiyo imeunganishwa.

Uliza waraka wenyewe

Kurasa za `man`, yaani miongozo ya Linux inayosomwa kwa amri ya `man`, zimegawanywa katika sehemu zenye namba. Sehemu ya 1 ni amri za mtumiaji, 2 ni miito ya kerneli (kiini cha mfumo endeshi), 3 ni maktaba za waandishi wa programu, 5 ni mpangilio wa mafaili, 7 ni mada mchanganyiko, 8 ni amri za msimamizi. Neno moja linaweza kuwa na kurasa mbili. Ukiandika `man passwd` unapata amri ya kubadili nywila; `man 5 passwd` inakueleza faili la `/etc/passwd`, safu kwa safu. Wanaosoma ukurasa usio wao huona maneno "yamebadilika maana", kumbe wamefungua sehemu nyingine. Kwenye Debian na Ubuntu, ambazo ni aina za Linux, sehemu za 2 na 3 hazimo mpaka usakinishe kifurushi cha `manpages-dev`.

Ukiwa ndani ya ukurasa, bonyeza `/`, andika neno, kisha Enter. Herufi `n` inakupeleka mahali pengine lilipotajwa, na `q` inakutoa. Fuata neno hadi pale lilipofafanuliwa, mara nyingi karibu na mwanzo wa DESCRIPTION. Ukitafuta chaguo kama `-i`, tafuta `^ *-i` ili ufike kwenye mstari unaolieleza badala ya kupita kila linapotajwa. Usipojua neno liko ukurasa gani, `man -k neno` inapekua maelezo mafupi ya kurasa zote; `man -K neno`, kwa K kubwa, inapekua maandishi kamili na huchukua muda.

Kwa nini waraka kwanza? Angalia neno "pattern". Kwenye `find -name`, inayotafuta mafaili kwa jina, ni ruwaza ya shell (programu inayopokea amri unazoandika), ambamo nyota ina maana ya herufi zozote, hata pasipo na herufi yoyote. Kwenye `grep`, inayotafuta mistari ndani ya mafaili, ni usemi wa kanuni ("regular expression"), ambamo nyota hurudia kile kilichoitangulia. Ndiyo maana `find . -name '*.txt'` inaleta mafaili, wakati `grep '*.txt'` inatafuta mistari yenye alama ya nyota yenyewe na mara nyingi hairudishi kitu.

Sehemu ya SYNOPSIS ina lugha yake. Mstari wa `cp` unasomeka `cp [OPTION]... SOURCE... DIRECTORY`. Mabano ya mraba maana yake ni hiari, na huyaandiki kwenye terminali. Nukta tatu maana yake kilichotangulia kinaweza kurudiwa. Mstari wima kati ya vitu viwili unakutaka uchague kimoja. Neno la herufi kubwa au lililopigiwa mstari ni nafasi ya kujazwa na kitu chako. Hapa "argument" ni chochote unachoipa amri baada ya jina lake, na "option" ni ile inayobadili tabia ya amri, kwa kawaida ikianza na kistari.

Maneno ya sharti

Nyaraka za viwango vya intaneti, zile ziitwazo RFC, zina kanuni ya maneno haya. Iliwekwa Machi 1997 katika RFC 2119. MUST ni lazima isiyo na mlango wa nyuma. SHOULD ni inapasa: unaweza kuacha ukiwa na sababu nzito na ukijua matokeo yake. MAY ni hiari kamili. Mei 2017, RFC 8174 ikaongeza kwamba maana hizo maalumu zipo pale tu maneno yanapoandikwa kwa herufi kubwa. "Should" ya herufi ndogo ni Kiingereza cha kawaida.

Mtego mkubwa kwa msemaji wa Kiswahili uko kwenye ukanushi. "Must not" ni marufuku. "Need not" ni si lazima. Anayesoma ya kwanza kama "si lazima" amegeuza katazo kuwa ruhusa. "May not" ina utata wa asili: inaweza kuwa hairuhusiwi au huenda isiwe, na muktadha ndio unaoamua. "Unless" ni isipokuwa, na hugeuza sharti lote linaloifuata. Ukikutana nayo, andika upya sentensi kwa "kama... basi..." kabla ya kuendelea.

Ukiwa kwenye RFC, angalia pia kichwa cha juu kabisa. "Updates" maana yake inarekebisha sehemu ya waraka wa zamani. "Obsoletes" maana yake inauondoa na kukaa mahali pake. RFC 2616 ya HTTP (kanuni ya mawasiliano ya kivinjari na seva), ya mwaka 1999, iliondolewa mwaka 2014, na waraka unaobeba maana za HTTP sasa ni RFC 9110 ya Juni 2022. Bado kuna mafunzo mengi yanayomtuma msomaji kwenye ile ya 1999. "Deprecated" ni tofauti: kitu bado kinafanya kazi, ila wenyewe wameacha kukipendekeza na kinaweza kuondolewa. Usikitumie kwenye kazi mpya.

Maneno yanayoficha upotevu

"Truncate" ni kukata faili hadi urefu fulani, mara nyingi sifuri. Mwongozo wa bash, shell inayotumika sana, unasema faili linaloelekezewa kwa alama ya `>`, kama tayari lipo, "is truncated to zero size". Maana yake yaliyomo yanafutika kabla amri haijaandika hata herufi moja. "Append" ni kuongeza mwishoni, na alama yake ni `>>`. "Overwrite" ni kuandika juu ya kilichopo. "In place", kama kwenye `sed -i` (amri ya kuhariri maandishi), ni kubadili faili lenyewe bila kukuachia nakala; `sed -i.bak` inakuachia. "Silently ignored" ni kupuuzwa bila kukuarifu, kwa hiyo usitegemee kuona kosa. "Purge" kwenye `apt`, amri ya kusakinisha na kuondoa programu, huondoa programu pamoja na mafaili yake ya mipangilio ya mfumo, wakati "remove" huyaacha.

Weka hapa pia "trailing", yaani kinachokaa mwishoni. "Trailing slash" ni mkwaju (`/`) wa mwisho wa njia ya faili au saraka, na kwenye `rsync`, amri ya kunakili mafaili, mkwaju huo ni jambo zito. `rsync -a picha/ nakala/` inanakili yaliyomo kwenye picha. `rsync -a picha nakala/` inanakili saraka yenyewe, nawe unapata `nakala/picha`. Ongeza `-n`, yaani "dry run": amri inakuonyesha ingefanya nini bila kugusa kitu.

Vipimo navyo vinaponza. Herufi b ndogo ni biti, B kubwa ni baiti, na baiti moja ni biti 8. Laini ya 20 Mbps hubeba megabaiti 2.5 kwa sekunde, kwa hiyo faili la MB 700 halitashuka chini ya sekunde 280. Kwenye `dd`, amri ya kunakili data, `M` ni 1024×1024 lakini `MB` ni 1000×1000.

Ujumbe wa kosa

Nakili ujumbe ulivyo, ondoa majina ya mafaili na njia zako, uweke ndani ya alama za kunukuu, ndipo utafute. Ukiwa Lubumbashi au Bujumbura na kompyuta yako imewekwa Kifaransa, tanguliza `LC_ALL=C` mbele ya amri ili ujumbe utoke kwa Kiingereza; majibu mengi yameandikwa kwa maneno hayo.

Kisha tofautisha ujumbe unaofanana. "Connection refused" maana yake kwa kawaida ni kwamba kompyuta ya upande wa pili imefikiwa, ila hakuna programu inayosikiliza kwenye poti uliyoiita, yaani namba ambayo programu hupokelea mawasiliano. Nenda kwenye seva uendeshe `ss -ltn`. "Connection timed out" maana yake hakuna jibu lililorudi. Shuku ngome ya mtandao, anwani isiyo sahihi au njia iliyokatika. "Permission denied" mara nyingi inahusu ruhusa za faili au saraka, ambazo `chmod` inaweza kuzirekebisha. "Operation not permitted" inahusu kitendo chenyewe, kama mtumiaji wa kawaida kujaribu `chown` (kubadili mmiliki) kwenye faili la mwingine, na `chmod` haitasaidia. "Broken pipe" haisemi kuna kilichoharibika: upande uliokuwa ukipokea umefunga, na wewe bado unaandika.

"No such file or directory" huwashangaza watu hasa pale hati ya shell, yaani faili lenye amri za kuendeshwa, wanaiona kwa macho. Kinachokosekana hapo ni programu iliyotajwa kwenye mstari wa kwanza baada ya `#!`. Mara nyingi faili liliandikwa kwenye Windows, na kila mstari unaishia na herufi isiyoonekana ambayo imejibandika kwenye jina la programu hiyo. Dawa: `sed -i 's/\r$//' hati.sh`.

Kamusi isiyohitaji bando, na daftari lako

Waraka ukishindwa kujieleza, tumia kamusi ya fani. Kwenye Debian na Ubuntu: `sudo apt install dict dictd dict-foldoc`. Baada ya hapo `dict -d foldoc daemon` inajibu bila intaneti, na utakuta "daemon" ni programu inayofanya kazi chinichini ikisubiri kuhitajika.

Ulichokipata kiandike kwenye faili la maandishi tupu, mstari mmoja kwa neno: neno, jina la waraka, maana yake humo, na amri uliyoijaribu kulithibitisha. Jaribio lifanyie kwenye saraka ya muda, `mkdir /tmp/jaribio`, kamwe si kwenye mafaili ya kazi. Utalitafuta kwa `grep -iw mount msamiati.txt`.

Kuwa mkali unapochagua Kiswahili chake. "Kumbukumbu" tunaitumia kwa "memory", kwa "log" na hata kwa "archive". "Mtandao" ni "network" na ni intaneti. "Lango" wengine wanalitumia kwa "port" na wengine kwa "gateway". Sentensi inayosema mtandao wa ndani unafanya kazi lakini intaneti haifikiki itageuka fumbo ukiandika "mtandao" mara mbili. Weka neno moja kwa dhana moja: kumbukumbu kwa "memory", rekodi ya matukio kwa "log", poti kwa "port", lango kwa "gateway". Penye neno lililokwisha kukubalika, kama faili, seva, kivinjari, kusakinisha na kupakua, usitunge jingine. Na amri yenyewe, chaguo lake na ujumbe wa kosa viache kwa Kiingereza herufi kwa herufi, kwa sababu hivyo ndivyo kompyuta itakavyovitambua na ndivyo utakavyovitafuta tena kesho.