Mwanamke shupavu katika tamthilia: aamue, na alipie

Chukua muswada wa kipindi kimoja, upitie onyesho kwa onyesho ukiwa na kalamu nyekundu. Weka alama kila pale mhusika wako mkuu wa kike anapoamua jambo linalobadili onyesho linalofuata. Kulia usihesabu, wala kuzaba kofi. Alama zisipofika hata mbili, mambo yanamtokea tu, na hadithi inaendeshwa na wengine.

Kosa linaloua tamthilia nyingi ni kudhani ushupavu ni ukali. Anapewa gari kubwa na mdomo mkali, na baada ya vipindi vichache mtazamaji amemchoka, maana hana cha kupoteza. Kwa hiyo anza na anachokitaka, tena kiwe kitu mahususi kinachopimika. "Anataka heshima" hakuna mwigizaji awezaye kulicheza. "Ni mweka hazina wa kikoba, na hadi Jumamosi awe amerudisha shilingi 800,000" linachezeka.

Kisha mpe silaha za kweli. Tuseme mume anauza nyumba kwa siri. Kwa mazoea, mke atalia hadi mjomba aje kumwokoa. Lakini kwa Tanzania, kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinamzuia mwanandoa kuuza nyumba ya ndoa au kuiweka rehani bila ridhaa ya mwenzake. Na mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani nazo ni mchango katika mali ya ndoa. Mwandishi akiyajua haya, onyesho linageuka:

Dalali na mnunuzi wako sebuleni na mume. Mke analeta chai, anamimina vikombe vitatu, halafu anavuta kiti na kukaa.
MKE: Shemeji, ile karatasi ya ridhaa yangu umekuja nayo?
Dalali anarudisha kikombe mezani, anamtazama mume.

Usiandike "kwa hasira" pembeni ya maneno yake. Utulivu wake ndio unaomtisha dalali.

Sasa gharama, na hapa ndipo wengi huteleza. Akishinda bure, kipindi kijacho hakina cha kusimulia. Mawifi wamsusie, au mama mkwe ahamie kwake na mabegi. Huyo mama mkwe naye mpe sababu: pengine yeye aliwahi kufukuzwa nyumbani mikono mitupu, na haamini kama sheria inamlinda mtu. Mwanamke mbaya asiye na sababu humdhoofisha hata yule mwema. Waandikie wanawake hao wawili angalau onyesho moja wakizungumzia jambo lisilohusu mwanamume, labda mkopo au shamba.

Mwisho, futa kila mstari ambao mtu anamwambia "wewe ni mwanamke jasiri". Ukishaufuta na ujasiri ukapotea, kuna onyesho hujaliandika bado.