Barua Ikitafutwa Ipatikane: Jinsi ya Kupanga Majalada ya Ofisi

Nimekaa masjala miaka 19, na kazi yangu haipimwi kwa jinsi makabati yanavyopendeza. Hupimwa siku mtu anaposimama mlangoni na kusema, "Naomba ile barua ya mkataba wa zamani." Nikimwekea mezani kabla hajakaa, hapo kweli pana masjala. Nikianza kufungua droo moja baada ya nyingine, tuna stoo ya karatasi tu.

Kwa hiyo kabla hujanunua hata faili moja, jiulize: karatasi hii ikitakiwa, anayeitafuta ataitaja kwa neno gani? Jina la mtu? Namba ya ankara? Mwezi? Mada? Mpangilio wako utoke kwenye jibu hilo. Ankara watu huziulizia kwa namba au tarehe, kwa hiyo zipange hivyo. Barua za kiutawala huulizwa kwa mada. Ofisi moja inaweza kuwa na mipangilio mitatu, wala si kosa, mradi kila aina ya karatasi iwe na mmoja tu.

Kwa majalada ya mada, gawa kwa namba: 100 Utawala, 200 Watumishi, 300 Fedha. Chini ya 300, 310 ni mishahara, 320 ni manunuzi. Acha nafasi katikati, maana kazi mpya zitakuja. Bandika orodha hiyo ukutani, na mtu mmoja tu awe na ruhusa ya kufungua jalada jipya. Bila hivyo, baada ya muda utakuta "Magari", "Usafiri" na "Vyombo vya moto" vinasema jambo lilelile. Na nakusihi, usifungue jalada la "Mengineyo". Kila mvivu atatupia humo, na kinachoingia humo ni kama kimezikwa.

Majina ya watu ndiyo yaliyonifundisha zaidi. Alikuja mzee mmoja aliyekuwa anakaribia kustaafu, akaomba barua yake ya kuthibitishwa kazini. Jalada lake lilikuwepo, barua haimo. Tuliitafuta siku tisa. Mwishowe niliikuta kwenye jalada la mtu mwingine: mmoja aliandikwa Mohamed, mwenzake Muhammad, jina la pili lilikuwa moja. Karatasi ilishakuwa ya kahawia pale juu kwenye kona, pini ya stepla imeota kutu hadi ikatoboa tarehe. Mzee yule aliishika kwa mikono miwili. Sijasahau.

Tangu siku hiyo, jalada la mtu nalipanga kwa namba yake, si kwa jina. Jina linakaa kwenye kadi za faharasa, zilizopangwa kialfabeti, na kila namna ya kuliandika ina kadi yake: "Muhammad, tazama pia Mohamed, Mohammed." Kabla ya kuingiza barua, linganisha vitu viwili, jina na namba. Kimoja hakitoshi.

Namba zenyewe zianze na sifuri: 001, 002, 010. Hesabu tarakimu zitakazotosha kwa miaka mingi, usije ukabadilisha kila lebo. Ukiwa na maelfu ya majalada, kama kwenye masjala za hospitali, panga kwa tarakimu za mwisho. Namba 45-32-18 husomwa kutoka kulia: nenda sehemu ya 18, ndani yake kundi la 32, kisha jalada la 45. Mwanzoni inachanganya kichwa, lakini majalada mapya hutawanyika kwenye sehemu 100 badala ya kurundikana mwisho wa kabati, na makarani hawagongani.

Ndani ya jalada, barua mpya inakaa juu. Kila karatasi ipe namba ya folio, yaani namba ya mfuatano wake ndani ya jalada, kwenye kona ya juu kulia. Ikichomolewa, pengo litajionyesha. Panchi ya kawaida hutoboa matundu mawili yaliyoachana milimita 80, kwa hiyo kunja karatasi kidogo katikati, weka alama, ndipo utoboe. Ng'oa pini na klipu za chuma. Raba bendi usitumie kabisa: baada ya miaka huyeyuka na kugandana na karatasi. Jalada likinenepa kiasi cha sentimita tatu, lifunge, ufungue juzuu ya pili, na uandike kwenye yote mawili folio ya kwanza na ya mwisho.

Majalada mengi hayapotei kabatini, yanapotelea mezani kwa watu. Ndiyo maana jalada likitoka, mahali pake naweka kadi ngumu ya rangi, ndefu kuliko majalada, yenye jina la aliyechukua na tarehe. Pia anasaini kwenye daftari. Akitaka kumpa mwenzake, aniambie kwanza nibadilishe kadi. Kila Ijumaa mchana napita meza kwa meza na daftari mkononi. Mwanzoni walinuna; sasa wananikabidhi kabla sijauliza. Na anayerudisha asilipachike mwenyewe kabatini, aliweke kwenye trei, nilirudishe mimi siku hiyohiyo.

Droo usiijaze hadi mwisho. Acha nafasi ya kiganja, ili majalada yapanuke unapopekua. Mizigo mizito iwe droo ya chini, na usivute droo mbili za juu kwa pamoja, kabati litakuangukia.

Mwaka ukiisha, toa majalada yaliyofungwa uyaweke kwenye maboksi. Usichane kitu bila idhini ya maandishi, hasa ya fedha, mikataba na watumishi, kwa sababu sheria huweka muda wa kuyatunza. Kwenye boksi andika namba za majalada, mwaka wa kwanza na wa mwisho, na tarehe ya kupitiwa tena. Andika ubavuni, upande utakaoonekana maboksi yakishapandishwa rafuni. Kifuniko hakisomeki kikiwa na boksi jingine juu yake.