Namna ya kuchimba jina la ukoo la Kijerumani, kwa majina yaliyoko Kilimanjaro

Kila kibanda cha njia ya Marangu kina daftari la kujiandikisha: jina, uraia, umri, kazi. Wageni wangu wakiwa bado wanakunywa chai pale Horombo, mimi hulipitia lile daftari ukurasa kwa ukurasa. Wajerumani hawakosekani, na vijana wanaoanza kazi hii ya kuongoza wageni mlimani huniuliza nimejuaje kumwambia mama wa watu "kwenu ni kusini, karibu na Stuttgart" kabla hajasema lolote. Hakuna uganga hapo. Ni jina lake, na jina lina namna yake ya kusomwa. Nitatumia majina ambayo sisi tunayatamka kila siku mlimani bila kujiuliza yametoka wapi.

Kwanza, nakili jina herufi kwa herufi. Chukua Meyer. Hans Meyer ndiye aliyefika kileleni tarehe 6 Oktoba 1889 pamoja na Mwaustria Ludwig Purtscheller, na bamba lake liko pale getini Marangu. Jina hilo lina ndugu watatu wanaotamkwa vilevile kabisa: Meier, Maier na Mayer. Usidhani ni uzembe wa mwandishi. Meyer limejaa kaskazini mwa Ujerumani, hasa jimbo la Niedersachsen; Maier na Mayer ni ya kusini. Wenyewe wanajua, ndiyo maana wakijitambulisha huongeza, "Maier, kwa a na i." Kabla ya usajili wa serikali kuanza, mwaka 1874 Prussia na 1876 katika dola nzima ya Ujerumani, mchungaji au padri aliandika alivyosikia, na ndugu wa tumbo moja waliweza kubatizwa kwa tahajia mbili. Kwa hiyo ukitafuta habari za kale tafuta tahajia zote. Ukitafuta za leo, shika ile iliyo kwenye pasipoti.

Angalia pia nukta mbili juu ya herufi. Furtwängler, jina la barafu moja ya huku mlimani, huandikwa Furtwaengler pale kompyuta inapokataa nukta. Ukiandika Furtwangler tu, utafutaji wako umekwama mlangoni.

Pili, uliza jina ni la kundi gani. Majina ya ukoo ya Kijerumani yalianza kushika mizizi kati ya karne ya 12 na ya 15, miji ilipofurika watu na akina Johannes wakawa wengi kupita kiasi. Mtu akatambulishwa kwa kazi yake, kwa alikotoka, kwa mahali alipojenga, kwa jina la baba, au kwa utani. Basi, makundi ni hayo, na mlima wetu una karibu yote.

Ukiwa juu, umeshapita Stella kwenye ukingo wa kreta unaelekea kilele cha Uhuru, kushoto kwako zipo barafu za kusini, na mojawapo ni ya Rebmann. Johannes Rebmann alikuwa mmisionari, mwenyeji wa Gerlingen karibu na Stuttgart. Tarehe 11 Mei 1848 aliona theluji ya Kilimanjaro, akaandika, na wasomi wa London wakambishia kwamba theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta. Jina lake ni la kazi: Rebe ni mzabibu, Mann ni mtu. Mababu walikuwa wakulima wa zabibu, na mpaka leo bonde la Neckar lina mizabibu mpaka kwenye miteremko ya Stuttgart yenyewe.

Lakini hapo ndipo kazi inapoanza kunoga, kwa sababu mkulima wa zabibu haitwi Rebmann kila mahali. Bavaria na Austria ni Weinzierl. Sehemu za Franken, kaskazini mwa Bavaria, ni Häcker. Kwingine ni Winzer au Weingärtner. Mfinyanzi vilevile: mashariki ni Töpfer, kusini ni Hafner. Mchinjaji ni Metzger kusini, na Fleischer mashariki. Kazi ni moja, ila neno la kienyeji ndilo linalokupeleka kijijini. Sisi Wachaga hili halitusumbui: mtu akijitambulisha Shirima, wala simuulizi wilaya, namuuliza Rombo sehemu gani.

Barafu iliyo ndani ya kreta, upande wa kulia, ni ya Furtwängler. Walter Furtwängler alipanda mwaka 1912 na mwenzake Siegfried König, wakabeba na ski. Jina hili ni la alikotoka mtu: mtu wa Furtwangen, mji wa Msitu Mweusi unaojulikana kwa saa za ukutani. Ukiona jina linaishia -er na si la kazi kama Töpfer au Metzger, fungua ramani kwanza kabla ya kamusi. Kersten, aliyekuja mlimani na mpelelezi Baron von der Decken mwaka 1862, ana jina la baba. Ni Christian kwa ulimi wa kaskazini. Uhlig, jina la barafu nyingine ya hapa, nalo ni Ulrich, na utalikuta zaidi Saxony. Drygalski, yule mpelelezi wa Antaktika ambaye barafu moja ya huku kwetu ilipewa jina lake, ana -ski ya mashariki, kule Prussia ya Mashariki ambako Kijerumani na Kipolandi viliishi pamoja. Usimwambie mwenye -ski kwamba si Mjerumani. Familia nyingi za namna hiyo zilihamia migodi ya makaa ya Ruhr, magharibi mwa Ujerumani, karne ya 19, na huko ndiko kwao sasa.

Tatu, maana. Hapa wengi huharakisha. Usifungue kamusi ya Kijerumani cha leo peke yake, maana majina yalizaliwa katika Kijerumani cha kale. Meyer ni mfano mzuri. Linatoka katika Kilatini maior, "mkubwa", na meier alikuwa mnyapara wa shamba la bwana au la monasteri: aligawa kazi, akakusanya mazao na ushuru. Baadaye neno likawa la mpangaji wa shamba kubwa. Kila eneo lilikuwa na wanyapara wake, ndiyo maana ikabidi kutofautisha: Obermeier wa juu, Niedermeier wa chini. Kwa hiyo akina Meyer wawili ndani ya kibanda kimoja si lazima wawe ndugu, na kwa kawaida si ndugu. Tena familia za Kiyahudi zina Meyer kutoka Meir la Kiebrania, mwenye kuangaza. Tahajia haitakuambia ni lipi kati ya hayo; historia ya familia ndiyo itakayosema.

Na König? Ni "mfalme", lakini usimpigie mtu magoti. Wafalme hawakuitwa hivyo kama jina la ukoo. Mara nyingi ni utani: babu aliyeigiza mfalme kwenye mchezo wa kijiji, au aliyeshinda mashindano ya shabaha, au aliyetumika kwenye shamba la mfalme.

Nne, jina limeenea kiasi gani. Ingia kwenye kamusi ya mtandaoni ya majina ya Ujerumani, Digitales Familiennamenwörterbuch Deutschlands. Ni bure, iko kwa Kijerumani, na mara nyingi inakupa ramani. Ramani hizo zimechorwa kutoka orodha ya simu za mezani ya mwaka 2005, na hiyo si kasoro. Baada ya hapo watu walihamia simu za mkononi, orodha zikapwaya. Kumbuka tu kwamba namba moja ni nyumba nzima. Watafiti huzidisha kwa karibu 3 wapate idadi ya watu. Müller ndilo la kwanza nchini, Schmidt la pili. Meyer peke yake limo ndani ya kumi bora, na ukilijumlisha na ndugu zake watatu linapanda zaidi. Jina adimu lina faida kubwa kuliko la kawaida: vidoa vyake kwenye ramani hukusanyika mahali pamoja, na mara nyingi chimbuko liko hapohapo.

Ukishapata kijiji, vitabu vya kanisa ndivyo vinavyofuata. Vya Kiprotestanti vingi viko kwenye tovuti ya Archion, kwa malipo. Vya Kikatoliki vingi kwenye tovuti ya Matricula, bure. Jiandae na mwandiko wa Kurrent, ambao e yake inafanana na n na ambao hata Wajerumani wengi wa leo hawausomi.

Na ukikuta duka linalouza "nembo ya ukoo wa Meyer" kwenye kikombe, usitoe hela. Nembo zilipewa familia fulani, si kila mwenye jina hilo.