Filamu za Lupita kwenye diski: zipi za kununua, na jinsi ya kuzicheza Kisumu au Nakuru

Filamu nyingi za Lupita Nyong'o zimefika mitaa ya Kisumu kwa flashi iliyojazwa kibandani. Hadithi watu wanaijua, lakini sauti yake wameisikia nusu. Na Lupita ni mwigizaji wa sauti. Maz Kanata wa Star Wars (2015), Raksha yule mbwa mwitu wa The Jungle Book (2016) na Roz wa The Wild Robot (2024) ni wahusika watatu ambao uso wake hauonekani kabisa. Ukichagua diski, anza na sauti.

Hapo ndipo DVD inapokuangusha. Filamu nyingi za sinema huenda kwa picha 24 kila sekunde. DVD ya PAL, mfumo unaotumika Kenya na Uingereza, huenda kwa picha 25, kwa hiyo filamu nzima hukimbizwa kwa asilimia 4 na sauti hupanda na kuwa nyembamba kidogo, isipokuwa mtengenezaji awe ameirekebisha. Angalia dakika kwenye kava. Filamu ya Us ni ya dakika 116. Ukiona 111, hujauziwa filamu iliyokatwa, ni PAL tu. 12 Years a Slave ya dakika 134 nayo hushuka hadi 129 hivi. Blu-ray, diski yenye picha safi kuliko DVD, huchezwa kwa picha 24 kama sinema, kwa hiyo ukiweza, nunua Blu-ray.

Kama mfuko unaruhusu moja tu, nunua Us ya 2019. Humo Lupita ni wanawake wawili, Adelaide na Red. Sauti ya Red, ile ya kukwaruza kama mtu anayekabwa, aliijenga kutokana na ugonjwa wa sauti uitwao spasmodic dysphonia, na ikipandishwa hata kidogo inapoteza uzito. Filamu yenyewe ni ya giza. Jaribu pale familia ya wageni inaposimama nje ya nyumba usiku, wameshikana mikono. Kwenye nakala iliyobanwa utaona doa jeusi lenye miraba inayotambaa. Kwenye Blu-ray unawahesabu wanne, mmoja mmoja. Diski hiyo pia ina kipande kifupi kinachoonyesha jinsi waigizaji walivyocheza nafasi mbilimbili.

Ya pili iwe 12 Years a Slave (2013), ambamo Lupita ni Patsey, iliyompa Oscar mnamo Machi 2, 2014. Ilipigwa kwa mkanda halisi wa milimita 35, na zile chembechembe unazoziona ni za mkanda, si uchafu. Black Panther (2018) ichukue ukikuta ile yenye maelezo (sauti inayoeleza filamu ikiendelea) ya mwongozaji Ryan Coogler akizungumza na Hannah Beachler, aliyebuni mandhari. Queen of Katwe (2016), ambamo Lupita ni Nakku Harriet, mama anayelea watoto wake peke yake Kampala, ina toleo la Marekani lenye maelezo ya Mira Nair. Kwa The Force Awakens kuwa macho: kuna toleo la Aprili 2016 na lile la 3D la Novemba 2016, na maelezo ya J.J. Abrams yamo kwenye la Novemba. Non-Stop (2014) iache, labda uipate kwa bei ya mandazi. Humo ni mhudumu wa ndege tu, na maneno yake ni machache.

Ukiagiza kwenye duka la ng'ambo, tafuta jina lake kwa njia mbili, Nyong'o na Nyongo. Alama hiyo ya ' huchanganya mitambo ya kutafutia.

Kabla ya kulipa, soma alama ya rejini, yaani eneo la dunia ambalo diski imefungiwa, nyuma ya kava. Kwa DVD Kenya ni rejini 5, Uingereza 2, Marekani 1. Kwa Blu-ray, Kenya na Uingereza zote ni B, Marekani ni A. Kwa hiyo Blu-ray ya Uingereza itacheza kwenye mashine ya hapa bila shida, lakini DVD yake inataka mashine iliyofunguliwa rejini zote. Diski za 4K, zenye picha kali kuliko Blu-ray ya kawaida, hazina kufuli ya rejini, ila ile Blu-ray ya kawaida inayofungashwa pamoja nayo inaweza kuwa nayo.

Ukinunua mashine Oginga Odinga Street au mjini Nakuru, beba DVD ya rejini 2 na uijaribu palepale kaunta. Usikubali "itacheza tu". PS4 hucheza Blu-ray, lakini mara ya kwanza lazima iunganishwe na intaneti, na diski za 4K haizichezi. PS5 yenye mlango wa diski inazicheza. Ukitumia laptopu, fahamu kwamba drevu ya DVD hukubali kubadilishwa rejini mara 5. Baada ya hapo hujifunga palipo.

Diski kuukuu igeuze. DVD halisi ya kiwandani huwa ya fedha au ya dhahabu hafifu. Ikiwa ya zambarau au buluu, imechomwa na mtu kwenye kompyuta. Iinue kwenye mwanga: ukiona vitundu, tabaka la ndani limeoza na hakuna dawa. Mkwaruzo unaotoka katikati kwenda ukingoni mara nyingi husameheka. Ule unaozunguka na diski ndio unaogandisha picha, kwa sababu unafuata njia ileile ya data na mashine haipati pa kurukia. Kwa sababu hiyo hiyo, futa kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda nje, kamwe usizungushe. Blu-ray ina ganda gumu zaidi, lakini data yake iko milimita 0.1 tu chini ya uso, kwa hiyo mkwaruzo uliopenya umeshaimaliza.

Kwenye TV, zima kitu kinacholainisha mwendo, la sivyo Us itaonekana kama habari za saa moja. Zima pia kinachopunguza chembechembe, maana kitampaka Patsey uso wa plastiki. Chagua hali ya "Movie" au "Cinema", na kwenye mashine washa 24p (picha 24 kila sekunde) ikiwa TV inaipokea. Kama maneno hayasikiki na muziki unapiga kelele, mashine inatuma sauti ya 5.1, yaani ya spika sita, kwa TV yenye spika mbili. Ingia kwenye mpangilio wa sauti uchague PCM au stereo, ili mashine itume sauti ya spika mbili.

Kisumu, Kakamega na Kisii radi si mgeni, na huja jioni, saa ambayo watu wameketi kutazama. TV gadi husaidia umeme ukipanda na kushuka, lakini haizuii radi. Ukisikia ngurumo, toa diski, kisha chomoa plagi na waya wa antena pia. Wengi huchomoa plagi na kusahau antena, na TV inaungua vilevile. Diski zihifadhi zikiwa wima ndani ya kava, mbali na dirisha.