Namna ya kuwapa Bach na wenzake majina ya kimbwa, utani ukafika

Kijana anayefundisha kwaya huko Uyole, Mbeya, aliniomba tuandae kipindi cha kuchekesha cha sherehe yao ya kufunga mwaka: watunzi wakubwa wa Ulaya wapewe majina ya kimbwa, halafu kwaya iimbe kipande kifupi cha mmojawapo. Kilifana, na tangu hapo walimu wengine wananiuliza, hadi wa Mafinga. Basi hivi ndivyo tunavyofanya.

Hatua ya 1: Chagua watunzi

Watano wanatosha. Wawe wale ambao wanakwaya wamewahi kuwasikia.

Hatua ya 2: Tengeneza majina

Kazi yote iko hapa, usiikimbie.

Anza na jina linavyotamkwa na mtu wa sauti ya nne (besi), si linavyoandikwa Ujerumani. Kwetu Bach ni Baki, Beethoven ni Bithoveni, Chopin kwa wengi ni Chopini. Kiingereza kina utani wake maarufu wa kumfanya Bach abweke, kwa kuwa Bach na "bark", yaani kubweka, kwao yanafanana sauti. Ukiutafsiri unabaki na mzee anayebweka bila sababu. Utupe. Sisi tuna Baki tayari: Johann Sebastian Baki-Nje, mbwa wa lindo ambaye hajawahi kuona sebule.

Kisha linda mwisho wa jina, maana Kiswahili kinakaza silabi ya pili kutoka mwisho, na sikio linamtambua mtu hapo. Bithoveni akawa Bwekoveni: silabi nne kwa nne, "veni" haijaguswa. Vivaldi akawa Virobaldi; viroboto wameongeza silabi moja, ila mkia wa jina umesalimika. Ukilazimika kuuvunja mwisho, acha jina la kwanza zima limshikilie mwenyewe: Richard Wang'ata, Frédéric Chopoka. Useme "Wang'ata" peke yake uone kama kuna atakayemkumbuka Wagner.

Usichomeke "mbwa" katikati ya kila jina. Debussy kuwa Dembwasi kunachekesha. Ukifuatisha Mbwazati (Mozart) na Shumbweti (Schubert), watu wanatoa simu. Mwimbaji mmoja alileta Mbozati, chumba kizima kikaanguka kicheko kwa sababu ya wilaya ya Mbozi pale jirani. Lakini mbwa yuko wapi? Tulimkatalia, ingawa kina mama wa sauti ya pili wanaitumia mpaka leo.

Sababu nyingine ya kulikwepa neno lenyewe: kumwita mtu mbwa ni tusi, na mezani watakaa wazee. Jina liguse tabia za mbwa, yaani kubweka, kung'ata, kuchopoka kwenye kamba. Na mwanakwaya aliye hai asipewe jina, hata akiomba mwenyewe. Anaomba leo akicheka, wiki ijayo linaitwa sokoni Mwanjelwa.

Ukiwa Iringa una mtihani wa ziada. Ule utani kwamba Wahehe hula mbwa utakuwa umefika ukumbini kabla yako. Waachie watani wenyewe. Mshereheshaji akiudokeza tu, jioni yote inahamia kwenye mapishi na Wagner hasikiki tena.

Mwisho, jaribu kila jina kwa simu. Ujumbe wa maandishi haufai, mtu anapata muda wa kufikiri. Piga, sema jina, nyamaza. Akiuliza "nani huyo?" lifute, usianze kumweleza.

Hatua ya 3: Tafuta mbwa aliyemo kwenye muziki

Jina tupu linaisha nguvu upesi, kwa hiyo mshereheshaji awe na neno moja la kweli la kusindikizia. Virobaldi ndiye tajiri: katika "Majira ya Kuchipua", iliyochapwa mwaka 1725 ndani ya Misimu Minne, sehemu ya pili inamwonyesha mchunga mbuzi amelala, na viola (ndugu mkubwa wa fidla) ndiyo mbwa wake. Vivaldi ameandika hivyo kwenye nota, na anataka ipigwe kwa nguvu wakati fidla zinanong'ona. Chopoka ana ile waltz ya Opus 64 namba 1; masimulizi yanasema ilitokana na kijibwa kilichokuwa kikifukuza mkia wake. Wang'ata alizikwa Bayreuth, na mbwa wake Russ amezikwa karibu naye. Elgar, mtunzi wa Uingereza, hatujampatia jina, lakini mtaje: variesheni ya 11 katika Enigma, tungo yake ya okestra ya mwaka 1899, ni Dan, buldogi wa mpiga kinanda wa kanisa kuu la Hereford, akitumbukia mtoni, akiogelea, akitoka na kubweka.

Hatua ya 4: Fundisha mbweko wa Bwekoveni

Simfoni ya tano kwa solfa ni m m m d, kisha r r r t ya chini. Maneno: wu wu wu wuuu. Wote kwa pamoja, sauti tupu. Kibodi iacheni nyumbani, hasa zile zenye midundo ya kujipiga yenyewe.

Angalia kitu kimoja: kabla ya "wu" ya kwanza kuna kimya cha nusu pigo. Mkono wako ushuke kwanza, wao waingie baada yake. Wakiingia pamoja na mkono, noti zile tatu zinagawana pigo moja sawasawa, na badala ya Beethoven unapata ngoma ya harusi. Waambie wavute pumzi mkono unaposhuka, inakaa.

Hatua ya 5: Mabango

Karatasi za manila na makapeni. Projekta hapana, umeme haujui ratiba yenu.

Hatua ya 6: Mpangilio

Baki-Nje afungue. Bwekoveni awe wa mwisho, kwa sababu ukumbi mzima utabweka naye na mshereheshaji hatasikika tena. Chai iwe tayari mlangoni.